Kaseti za zamani nyumbani: namna ya kuzipanga, kuzihamisha kwenye kompyuta na kujua ipi itupwe

Nyumba nyingi za huku Tanga bado zina boksi la kaseti. Liko juu ya kabati, au chini ya kitanda cha bibi, limefunikwa kanga iliyochakaa. Ndani mna taarab za harusini, mawaidha, dansi iliyorekodiwa redioni, na zile barua za sauti ambazo ndugu walioko Maskati na Dubai walikuwa wakizituma wakati simu ilikuwa ghali. Halafu siku moja nyumba inapakwa rangi, na mtu anauliza: hizi tuzitupe?

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi na nimelijibu vibaya mwenyewe. Mwaka 2006 nilipanga kaseti zetu kwa kusoma vibandiko. Nilikuta tatu zimeandikwa harusi moja, ya mwaka 1987. Nikaziona ni nakala, nikabakisha ile yenye sauti safi, mbili nikampa jirani arekodie mawaidha juu yake. Miaka ikapita ndipo shangazi akanieleza kuwa usiku ule redio kaseti zilikuwa tatu. Moja ilikaa karibu na fidla, moja jukwaani kwa mwimbaji, na ya tatu ilikuwa upande wa wanawake, mapajani mwa bibi yangu, ambaye alikuwa akimsimulia jirani yake nani kaingia, kavaa nini, na mtoto wa nani kakua. Mimi nimebaki na fidla. Sauti ya bibi sina mahali pengine popote.

Kwa hiyo jibu langu leo ni hili: panga, tena upange haraka, kwa sababu mikanda inaoza na wazee wanaondoka. Ila kupanga ni kuandika na kusikiliza. Kutupa kunakuja mwisho kabisa, na kwa kaseti chache sana. Ninavyoeleza hapa chini ndivyo nilivyozipitia kaseti zetu 214, na za majirani kadhaa baada ya hapo.

Kabla ya yote: zuia kurekodiwa juu

Kusanya kaseti zote ndani ya nyumba, pamoja na zile za kwenye droo, za ndani ya gari bovu na ile iliyokwama ndani ya redio kaseti. Kisha igeuze kila kaseti utazame mgongo wake, ule upande usioonyesha mkanda. Pembeni, kushoto na kulia, kuna vijilango viwili vidogo vya plastiki, kila kimoja kikilinda upande wake. Kikiwepo, mashine inakubali kurekodi. Kikivunjwa, kitufe cha kurekodi kinagoma kushuka. Vunja vyote viwili kwa ncha ya bisibisi, ukivibinua kuelekea nje visidondokee ndani kwenye mkanda. Ni kazi ya sekunde kumi kwa kaseti, na kuanzia hapo mtoto hawezi kufuta sauti ya marehemu kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Ukiwa hapo, angalia pia kama tundu limezibwa kwa selotepu. Kaseti za dukani, yaani zile zilizouzwa zikiwa na nyimbo tayari, zilikuja bila vijilango, zimekwishafungwa. Ukikuta kaseti ya dukani, yenye picha ya msanii na majina ya nyimbo, lakini matundu yake yamezibwa selotepu au karatasi iliyokunjwa, jua kuna mtu aliifungua akarekodi kitu chake juu. Kibandiko hicho hakisemi tena ukweli. Mimi zile zenye selotepu naziweka mbele ya foleni, kwa kuwa humo ndimo nilimokuta vitu ambavyo hakuna aliyejua kama vipo. Ondoa selotepu hiyo, usiirudishe.

Namba na daftari

Nunua daftari la mistari, lile kubwa, na penseli. Ipe kila kaseti namba, 001, 002, na kuendelea, bila kujali ni ya nini. Usianze kuzigawa kwa aina, kwamba hizi taarab, hizi dini, hizi dansi. Mgawanyo huo utakufanya ubishane na nafsi yako juu ya kaseti yenye taarab upande A na hotuba upande B. Namba haina ubishi. Ukishazipa namba, aina utazitafuta daftarini.

Andika namba kwenye kibandiko cha kaseti na kwenye kasha lake pia, kwa maana makasha na kaseti hubadilishana kama viatu msikitini. Kisha piga picha kwa simu: kasha mbele na nyuma, kaseti upande A na upande B. Gundi ya vibandiko vya zamani imekauka, na kibandiko kikidondoka hujui tena kilikuwa cha nani.

Daftarini nakili maneno ya kibandiko kama yalivyo, pamoja na makosa ya tahajia na majina ya utani. Usisahihishe. Kama imeandikwa “Salamu za kina Chuma”, andika hivyohivyo, hata kama unadhani Chuma ni fulani. Jina halisi litaandikwa kwenye safu ya pili baada ya kuthibitishwa. Andika pia kampuni iliyotengeneza kaseti, na urefu wake: C60 ni dakika 30 kila upande, C90 ni 45, C120 ni saa nzima kila upande. Urefu una maana kubwa, kwa sababu kadiri kaseti ilivyo ndefu ndivyo mkanda wake ulivyo mwembamba. C120 inavutika na kujisokota kwa urahisi. Weka nyota pembeni ya kila C120, na usiipeleke mbele au nyuma kwa kasi ya mashine. Acha icheze kwa mwendo wake wa kawaida, au izungushe kwa kalamu ya Bic kama tulivyokuwa tukifanya kuokoa betri.

Ukaguzi wa macho

Shika kaseti karibu na dirisha utazame kwenye kile kioo cha katikati. Mkanda mzima unang'aa rangi ya kahawia au nyeusi, na umejikunja sawasawa kama ukili mzuri. Ukiona vumbi jeupe au madoa ya kijivu kwenye kingo za mkunjo, huo ni ukungu. Pwani ukungu ni ugonjwa wa kila siku, hasa kaseti zilipokaa kwenye kasha lililofungwa ndani ya chumba kisichopata upepo.

Kaseti yenye ukungu usiicheze. Utauhamishia kwenye mashine, na mashine itaugawa kwa kaseti zote zitakazofuata. Itenge kwenye boksi lake, iache mahali pakavu siku kadhaa pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba. Ukikauka, toka nje, vaa barakoa, uzungushe mkanda polepole kwa mkono huku kitambaa laini kikavu kikiugusa kwa wepesi pale unapopita mdomoni mwa kaseti. Kazi hii inachosha na inakohoza. Mwenye pumu amwachie mwingine.

Halafu tazama ule mdomo wenyewe. Katikati, nyuma ya mkanda, kuna kipande kidogo cha sufi kilichobandikwa kwenye bati jembamba. Kazi yake ni kuusukuma mkanda ugusane na hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti. Kikibanduka, na hubanduka sana kwa kuwa gundi imezeeka, sauti inakuwa hafifu, inakuja na kupotea, na mtu anasema kaseti imekufa. Haijafa. Kipande hicho unaweza kukitoa kwenye kaseti tupu ukakihamisha.

Mashine

Kaseti ilizinduliwa na Philips mwaka 1963, na tangu mwanzo ilibuniwa iwe rahisi, mkanda wa milimita 3.81 ukienda chini ya sentimita tano kwa sekunde. Kwa mwendo mdogo hivyo, dosari yoyote ya mashine inasikika. Ndiyo maana nakushauri usinunue vile vichezeo vya bei ya chini vya plastiki vyenye waya wa USB. Nimevijaribu viwili, mwendo wake unayumba na sauti ya mwimbaji inatetemeka kama mtu mwenye homa. Afadhali utafute deki nzito ya zamani, au redio kaseti nzuri ambayo mtu aliitunza, umpelekee fundi redio akubadilishie belti. Belti za mpira zikizeeka hulegea, nyingine huyeyuka zikawa kama lami, na hapo mashine inakwenda taratibu au inatafuna mkanda.

Kila siku kabla ya kuanza, safisha njia ya mkanda. Tumia pamba ya masikioni na spiriti ya aisopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi. Pangusa hedi, kisha kile kijiti cha chuma kinachozunguka, mpaka pamba itoke safi. Gurudumu la mpira lipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo na tone la sabuni, likauke kabisa. Pafyumu na mafuta ya taa havina kazi hapa.

Jaribu kwanza kaseti isiyo na thamani, dakika kumi, pande zote mbili. Mashine ikiutafuna mkanda huo, hujapoteza kitu. Mimi nina kaseti moja ya mazoezi ya Kiingereza ambayo imeshajaribiwa mara mia na bado inanihudumia.

Kufufua zilizokwama

Kaseti ngumu, isiyozunguka kwa kalamu, mara nyingi tatizo lake ni ganda na siyo mkanda. Igonge kwa wepesi juu ya kiganja, upande huu na huu, mkunjo ukae sawa. Ikikataa, fungua. Zenye skrubu tano ni rahisi. Zile zilizogundishwa inabidi kupenyeza kisu kwenye mshono na kulipasua ganda taratibu, ukijua kwamba halitarudi tena. Kabla hujafungua, tafuta kaseti mbovu yenye skrubu uifanye nyumba mpya. Piga picha ganda likiwa wazi: utahitaji kukumbuka mkanda ulipita upande gani wa vile vijigurudumu, na zile karatasi laini za juu na chini zilikaaje. Nyanyua mikunjo yote miwili kwa pamoja, kwa vidole vikavu, uihamishe. Ukipiga chafya hapo utakumbuka maneno yangu.

Mkanda uliokatika usiunge kwa selotepu ya kawaida. Gundi yake hutambaa, inashika tabaka za jirani, na mwaka unaofuata unakuta bonge. Ipo tepu maalumu ya kuungia mikanda. Usipoipata, uache mkanda ukiwa vipande viwili, kila kipande ukiweke kwenye ganda lake na ukihamishe kivyake. Mwanya wa nusu sekunde hauumizi mtu.

Kuhamisha

Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa haraka. Wanaweka simu mbele ya spika na kurekodi. Utapata mashine, feni, kuku na muadhini, na kaseti kwa mbali.

Unahitaji waya unaotoka kwenye tundu la kutolea sauti la deki, au tundu la spika za masikioni kama huna jingine, uingie kwenye kompyuta kupitia kadi ya sauti ya USB yenye tundu la kupokea sauti ya mashine. Tundu la maikrofoni la laptopu lisitumike. Limetengenezwa kwa sauti ndogo, kwa hiyo litapasua sauti yako, na mara nyingi linapokea upande mmoja tu. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Iwekee herzi 48,000 na biti 24, sauti ya pande mbili (kushoto na kulia), faili liwe WAV. Vipimo hivyo ndivyo kiwango cha chini ambacho wahifadhi sauti wa kimataifa wanakikubali. C60 moja itachukua takribani gigabaiti 1, C90 gigabaiti 1.5. Kaseti mia mbili zinaingia kwenye diski ya terabaiti 1 na nafasi inabaki nyingi.

Rekodi pande mbili za sauti hata kama kilichomo ni sauti ya maikrofoni moja. Mara nyingi upande mmoja wa mkanda umechakaa kuliko mwingine, na baadaye utachagua ulio mzuri.

Kabla ya kurekodi, peleka mkanda mbele mpaka mwisho na uurudishe, isipokuwa zile C120. Mkanda uliokaa miaka thelathini bila kuguswa hushikamana, na pia sauti ya tabaka moja hujichapa kwenye tabaka la jirani, ndiyo maana unasikia mwangwi hafifu wa neno kabla neno lenyewe halijasemwa. Kuupeleka na kuurudisha hupunguza yote mawili. Kisha tafuta mahali penye kelele kubwa zaidi, kwa kawaida ni vigelegele, na urekebishe kiwango ili kilele kisivuke desibeli hasi 6. Vigelegele vikipasuka havishoneki tena.

Ukisikia mvumo wa umeme, chomoa chaja ya laptopu uendelee kwa betri. Mara nyingi mvumo unakufa papo hapo.

Kuna jambo moja dogo ambalo linatofautisha kazi nzuri na ya ovyo. Kila redio kaseti ilikuwa na hedi iliyoinama kidogo kwa namna yake, na kaseti iliyorekodiwa na mashine ile ikichezwa na mashine yako sauti inakuja imefunikwa blanketi. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Weka alama ya wino ilipo sasa, cheza kaseti, ingiza bisibisi nyembamba, ugeuze kidogo sana, robo ya robo, huku ukisikiliza herufi “s” na “sh” za anayesema. Zikichomoza kwa ukali, hapo ndipo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, msikilizaji mwenzangu aliruka kitini: mtu aliyekuwa ananung'unika alikuwa ghafla chumbani nasi. Ukimaliza, irudishe skrubu kwenye alama. Mkono ukikutetemeka, mwachie fundi.

Sauti iliyobanwa, inayopanda na kuwa ya kitoto kadiri kaseti inavyokwenda, ina maelezo yake. Aliyekuwa akirekodi betri zilikuwa zinamwishia. Mkanda ulikwenda taratibu wakati wa kurekodi, sasa kwa mwendo wa kawaida unakimbia. Usiguse kasi ya deki. Rekodi kama ilivyo, halafu urekebishe kwenye nakala.

Na hilo ndilo sharti la hatua hii yote: faili la kwanza haliguswi. Hulikati mwanzo, huondoi kelele, huunganishi upande A na B. Lipe jina la namba, 041A, 041B, ulifunge. Usafi wote ufanyike kwenye nakala yake. Programu za kuondoa kelele leo zinafuta “shii” ya mkanda, na pamoja nayo zinafuta pumzi za mwimbaji na sauti ya viti vikisogezwa.

Usikate maneno katikati ya nyimbo

Hapa nakaa kidogo, maana ndiyo sababu ya kuandika yote haya.

Kaseti namba 041 imeandikwa “Harusi Makorora”. Upande A ni harusi kweli. Upande B hauna neno lolote kwenye kibandiko. Dakika kumi na mbili za kwanza ni kimya chenye mvumo, na mtu mwenye haraka angeuandika mtupu. Kisha mlango unafunguliwa, kuna kikohozi, na kete zinaanza kudondoka kwenye mashimo. Wazee wanne wako barazani wanacheza bao, na mjomba ameiacha redio kaseti ikirekodi, sijui kwa kusahau au kwa makusudi. Kwa dakika thelathini na tatu wanabishana. Mmoja ametakata, yaani amesogeza kete bila kula, na mwenzake anamrukia kwamba alikuwa na mtaji, nafasi ya kula: “Una mtaji pale! Una mtaji, huwezi kutakata!” Wanarudisha kete, wanahesabu upya, wanaulizana nyumba ilikuwa na kete ngapi, mmoja anamkumbusha mwingine mchezo wa Idi iliyopita na namna alivyofungwa. Katikati anapita muuza kahawa, vikombe vinalia.

Nimejifunza bao zaidi kwenye upande huo mmoja kuliko kwa maelezo yoyote niliyopewa, kwa sababu wanaeleza sheria wakiwa wamekasirika, na mtu aliyekasirika hufafanua. Wote wanne wameshafariki. Kama ningepitisha ile kanuni yangu ya mwaka 2006, sauti safi ibaki na nyingine iende, upande huu ungekuwa wa kwanza kufutwa.

Nyimbo zenyewe mara nyingi zinapatikana kwingine. Sauti za waimbaji wa taarab kama Shakila na Juma Bhalo zimetoka kwenye santuri, kaseti na diski, na za bendi zetu zilirekodiwa Radio Tanzania. Kisichopatikana ni mtangazaji kusoma salamu za mtaa wenu, MC kuwataja waliotunza, mtu kuomba wimbo urudiwe. Ukikata hapo ili ubaki na muziki mtupu, umetupa sehemu ambayo nakala yake ilikuwa moja tu.

Maneno hayo pia ndiyo yanayokupa tarehe. Ukisikia redio ikitangaza msiba wa Waziri Mkuu Sokoine, uko 12 Aprili 1984 au siku zilizofuata. Kuzama kwa meli ya MV Bukoba ni 21 Mei 1996. Msiba wa Mwalimu Nyerere ni 14 Oktoba 1999. Bei ya sukari inayotajwa, matokeo ya mpira, jina la mtoto aliyezaliwa juzi, yote yaandike daftarini pamoja na dakika yaliposikika.

Kusikiliza na wenye kujua

Chukua faili, usiende na kaseti yenyewe, umwendee mzee. Asubuhi ni bora kuliko jioni. Mwanzo usimwulize kitu. “Shikamoo mjomba, nimekuja na kitu usikilize kidogo.” Weka spika karibu naye na umwache. Dakika ishirini zinatosha kwa siku. Wengine watalia, na hiyo ni haki yao. Rekodi anachosema kwa simu, kwa ruhusa yake, na faili hilo nalo lipe namba ya kaseti: 041B maelezo. Akisema “huyu ni fulani”, andika nani kasema na lini, maana wazee wawili wanaweza kukupa majina mawili, na mwaka ujao utahitaji kujua kila jina lilitoka wapi.

Barua za sauti zina adabu yake. Aliyezungumza na mkewe kutoka Maskati mwaka 1979 hakuwa anazungumza nawe. Ukigundua ni barua, simamisha, utafute mwenyewe au watoto wake, uwape wao wasikilize kwanza. Kwetu zimekuwapo mbili ambazo familia ilisema zihifadhiwe zisisikilizwe. Zimehamishwa, zimefungwa, daftarini imeandikwa “ya familia” na hakuna zaidi.

Sasa ya kutupa

Baada ya yote hayo, kati ya kaseti zetu 214 nilizotoa ni 19. Zilikuwa za dukani ambazo hazijarekodiwa juu, muziki wake unapatikana kwa sauti safi zaidi, na mkanda umeoza. Na chache ambazo nilizisikiliza pande zote mbili mwanzo hadi mwisho nikazikuta tupu. Hata hizo sikuzitupa zote, maganda na sufi zake ni vipuri. Zile zinazoitwa nakala, sikiliza dakika tano za mwanzo, tano za katikati na tano za mwisho za kila moja, upande kwa upande. Kama vigelegele vinaanguka mahali pamoja na kikohozi ni kilekile, ni nakala kweli. Bakisha mbili nzuri. Vikitofautiana hata kidogo, una mashine mbili zilizokaa mahali tofauti, na zote zinabaki.

Kaseti usizitupe eti kwa kuwa umeshazihamisha. Diski hufa bila kuaga. Miaka mitano ijayo unaweza kupata deki bora na kuirudia kazi.

Kuziweka na kugawa

Zirudishe mikanda mpaka mwisho wa upande mmoja, zisimame kama vitabu, ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vifuko vya silika unavyovibadilisha kila masika yakiisha. Zikae mbali na spika, kwa kuwa spika ina sumaku, na zisipelekwe darini chini ya bati. Chini ya kitanda nako maji ya mvua hufika. Rafu ya katikati ya kabati la ndani inatosha.

Mafaili yawe sehemu tatu: diski nyumbani, diski nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, na nakala moja mtandaoni. Diski yetu ya pili iko Mombasa kwa binamu, na kila Idi tunabadilishana. Ukituma kwa familia kwa WhatsApp, tuma kama hati, usitume kama ujumbe wa sauti, la sivyo programu itaibana sauti mpaka “s” zote zipotee. Na kabla ya kuweka wimbo wa msanii hadharani, kumbuka una kaseti lakini huna haki ya wimbo. Ulizia ofisi ya hakimiliki: Tanzania Bara ni COSOTA, Zanzibar COSOZA, Kenya KECOBO. Waimbaji wengi wa taarab waliondoka bila kupata walichostahili, na warithi wao wapo.

Daftari nalo lipige picha kila ukurasa, uziweke pamoja na mafaili. Bila daftari una saa mia tatu za watu wasiojulikana.

Nina kaseti saba ambazo bado hakuna aliyemtambua msemaji. Namba 088 ni mwanamke anayesoma utenzi polepole, na nyuma yake kuna mawimbi, kwa hiyo nyumba ilikuwa karibu na bahari. Nimeambiwa yupo bibi mmoja Pangani anayejua wasomaji wa zamani wa pande zile. Ijumaa nakwenda, spika nimeshaichaji.